Ungo Mmoja, Mke na Mume: Ushauri wa Ndoa Barazani Bigwa

Saa tatu asubuhi, ukungu bado umeikalia milima ya Uluguru. Barazani kwake Bigwa, Scholastika Mkude (61) anaweka ungo wa maharage kati ya Castory na mkewe Juliana, wakazi wa Kihonda. Wamekaa bega kwa bega, macho mlimani.

"Chambueni. Mwenye neno aseme, asiye nalo achambue," anawaambia.

Ameshamsikiliza kila mmoja peke yake. Leo wako pamoja, na huenda ikawa mara ya mwisho, maana mabegi ya Juliana yamefungwa. Kesho anarudi kwao Mgeta.

Scholastika, muuguzi mstaafu aliyesomea ushauri nasaha, alifundishwa kuwakalisha wanandoa uso kwa uso.

"Nikajaribu. Wakanyamaza kama wako polisi," anasema akicheka.

Ndipo akakumbuka jikoni kwa mama yake, wazazi wakichambua maharage huku wakiambiana yaliyowakera.

"Mvua nje, moshi ndani, na sauti zao. Raha ile naililia mpaka leo."

Castory ndiye anayeanza. Shamba alilopanda migomba ni la ukoo wa mkewe, kwani kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Mwaka jana mjomba wa Juliana alimwambia Castory mbele za watu kwamba pale yeye ni mgeni.

"Hilo nililimeza. Ila wewe mama Upendo ulikuwepo, ukainamisha kichwa," anamwambia mkewe.

Juliana anaacha kuchambua. "Nilimstahi mjomba. Sikujua kama nimekutupa."

"Ulinitupa."

Juliana analia. Scholastika hamnyamazishi. "Ukimfuta mtu machozi mapema, neno lake linarudi tumboni," anaeleza baadaye.

"Kesho siendi. Jumapili twende wote kwa mjomba," Juliana anasema hatimaye. "Nitasema mimi."

Castory anamuuliza watoke saa ngapi.

Wageni wakishaondoka, Scholastika anawataja wajomba wa utotoni mwake, waliokuwa wakisuluhisha ndoa za ukoo. Walifika, wakapewa togwa, wakasikiliza pande zote, ndipo wakafungua mdomo. Anawakumbuka kwa uchungu wa kuwakosa.

Masika yakiisha, anakusudia kupanda kwenda Mgeta, akae na wajomba wa sasa kijiji kwa kijiji, awakumbushe kazi hiyo.

"Wakirudi kusikiliza, nani atateremka mpaka huku kunitafuta?" anasema. "Mimi nikose kazi tu. Nitashukuru Mungu."