Mbingu ya Ndege na Mbingu ya Mama

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka shuleni hapa Gitega amenuna, akatupa mkoba mkekani na kukataa maharage. Nikajua ni Kiingereza. Hakuna somo linaloleta ugomvi nyumbani kwetu kama hilo. Waliambiwa kila mtoto atunge sentensi, naye akasema bibi yake yuko *sky*. Mwalimu akamsahihisha: *sky* ni ya mawingu na ndege, *space* ni kule kweusi kwenye nyota, marehemu wako *heaven*. Njiani wenzake wakamtania kwamba bibi yake amekuwa kunguru.

"Babu," akaniuliza, "sasa bibi iko fasi gani?"

Nilimzika mke wangu mwaka jana, Alhamdulillahi kwa kila hali, lakini swali lile liliniudhi. Halikuniudhi kwa sababu ya mtoto, bali kwa sababu ya lugha ile. Warundi wana ijuru, Wafaransa wana neno lao moja, sisi tuna mbingu, na miaka yote tumekaa chini yake bila kugombana. Kiingereza kimekuja na kisu.

Na wewe rafiki yangu, unajua uzee ulivyo. Kabla sijamjibu, kwa mawazo nilikuwa nimeshafika Muyinga ya utotoni, jikoni kwa nyanya, aliyenilea baada ya mama kufariki. Alfajiri mafuta yalichemka kwenye karai, moshi wa kuni ukiuma macho, na kutoka chuoni zilisikika sauti za watoto wakisoma Kurani, wengine bado wana usingizi. Kazi yangu ilikuwa kupanga mandazi ya kuuza kwenye ungo, na kupigwa kofi mkononi nikiyaonja.

Jirani yetu, mkulima Mkristo aliyetuletea ndizi, alinifariji kwamba mama yuko mu ijuru. Alisema kwa huruma, nami nikamwamini kama mtoto anavyoamini. Basi kila asubuhi nikaiba andazi moja kubwa na kulirusha juu ya paa la jiko. Mwewe alikuja akalichukua, akapaa nalo hadi akawa nukta. Nilijua anampelekea nani.

Nyanya alihesabu mandazi, akalalamika, akamshuku paka. Siku aliponikamata alinivuta sikio, andazi likiwa bado mkononi mwangu, hadi kwa mwalimu wa chuo. Mwalimu alikuwa mtu wa taratibu. Alinieleza kwamba mbingu ni saba, na mwewe, mawingu, hata nyota, vyote viko chini ya ile ya kwanza. Mama hayuko na mwewe, wala peponi hajaingia bado. Anasubiri Kiyama, na kinachomfikia ni dua, si andazi. Yote aliyosema yalikuwa sahihi, na kila neno lilimsogeza mama mbali zaidi. Nililia mpaka chuo kizima kikanyamaza.

Nyanya akachoka na sisi sote.

"Mwalimu, umeisha mpeleka mbali sana," akasema. Kisha akanigeukia. "We, sikiliza. Mama yako iko kwa Mungu. Basi. Muombee, halafu andazi ule mwenyewe."

Nililila palepale, lina moto bado, nikiwa na kamasi.

Hayo ndiyo niliyomsimulia mjukuu wangu. Alicheka habari ya mwewe, akavuta sahani, akala maharage yaliyokwisha poa. Kisha, kwa kuwa ni mtoto wa shule, akauliza "kwa Mungu" ni neno gani kwa Kiingereza. Nikamwambia hilo asimpelekee mwalimu wake, atalikata vipande.

Mara ya mwisho nilipofika Muyinga, mahali pa jiko lile palikuwa na duka la simu. Nyanya hayupo, jirani hayupo, mwalimu wa chuo hayupo, na sasa mke wangu naye. Nilitazama juu ya bati jipya la duka. Mwewe walikuwapo, wakizunguka mbingu yao. Nikasoma Fatiha, nikanunua andazi kwa mama mmoja kando ya barabara, nikalila mwenyewe.