Kidonge na Maziwa ya Mama

Waliponitoa tezi ya shingo, daktari alinieleza kwamba kazi iliyokuwa ikifanywa na tezi hiyo sasa itafanywa na kidonge kimoja kila asubuhi, maisha yangu yote. Niliitikia tu. Rovu, ule uvimbe wa shingoni, lilikuwa limekwenda, nikadhani na ugonjwa umekwenda nalo.

Mama alivuka mpaka kutoka Karagwe, alikonilea, akaja kuniuguza nyumbani kwetu Batsinda, Kigali. Kila kulipokucha aliniletea kidonge kwenye kisahani pamoja na kikombe cha maziwa ya moto. Dawa haimezwi tumbo likiwa tupu, alisema, nami nilikunywa mpaka tone la mwisho.

Kisha mwili ukaanza kunipunguzia mwendo. Sijui ilianza lini. Nilikuwa nakaa kwenye cherehani yangu pale kazini Remera, mguu juu ya pedali, nikitazama kitenge cha mteja, na nilipoinua macho jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili. Sauti za watu zilinifikia zikiwa zimechoka njiani. Nilivaa sweta mchana wa jua kali. Uso ulivimba, nywele zikabaki kwenye chanuo, na maneno niliyoyajua tangu utotoni, sindano, mkasi, yalinipita karibu bila kusimama. La ajabu, hakuna kilichouma. Ulikuwa kama usingizi mtamu ambao mtu hataki kuamshwa. Aliyeogopa ni mume wangu.

“Uko unatembea kama mtu iko ndani ya maji,” aliniambia siku moja kwa Kiswahili chake cha Kigali, akanishika mkono tukarudi hospitali.

Walipima damu, wakakuta homoni iko chini mno. Kabla ya kuongeza dawa, daktari aliuliza naimeza na nini. Nikamwambia. Akanieleza kwa upole kwamba maziwa huizuia isiingie vizuri mwilini. Inataka maji matupu, asubuhi kabla ya chakula, halafu mtu angoje kidogo ndipo ale.

Njiani sikuwaza afya yangu. Niliwaza nitamwambiaje mama. Nilimweleza jioni, akichambua maharage. Hakunitazama. Mikono yake ilisimama, ikaendelea, ikasimama tena.

“Kumbe ni mimi niliyekuwa nakulaza, mwanangu,” alisema.

Nikamwambia hata mimi sikuuliza, na kwamba maziwa yake nitayanywa, ila yasubiri mpaka saa nne asubuhi.

Nguvu zilirudi kidogokidogo, kama ukungu unavyoliacha bonde: kwanza paa moja, halafu barabara, halafu watu. Siku mama aliporudi Karagwe nilimsindikiza stendi. Nilimbebea begi, nikaongea njia nzima habari za nguo za harusi nilizopewa kushona. Karibu na basi nikageuka, nikamwona yuko nyuma kabisa, ameshika kiuno, anahema.

“Taratibu, mwanangu,” alisema. “Unanikimbiza wapi?”

Nikasimama, nikamngoja.