Chumba cha Matofali cha Mama Binti

Bulaimu alikuwa mwashi. Kazi hiyo alijifunzia Kasongo, kwenye majengo ya Leta, yaani serikali, enzi za Wabeleji. Aliporudi kijijini kwao Wamaza hakutaka tena mama yake alale katika nyumba ya majani. Akamjengea chumba kidogo cha matofali ya kuchoma, chenye mlango wa mbao na dirisha moja. Ukuta aliupandisha mpaka ukagusa bati, asiache hata ufa.

Mama Binti alizunguka ndani akipapasa kuta. "Mwanangu, moshi utapita wapi?"

"Moshi gani, mama? Utaota moto wa makala, si wa kuni. Makala haina moshi."

"Hata kama. Nyumba ipumue kidogo. Toboa pale juu."

Bulaimu akacheka. "Matundu iko ya nyumba za majani. Unataka watu waseme sijui kazi?"

Pale kijijini, aliyetaka kuoa alimwuliza Mama Binti kwanza, maana alijua nani ni damu ya nani. Mambo ya matofali akamwachia mwanawe.

Kiangazi kikaja na baridi yake. Asubuhi moja ya ukungu Mama Binti aliingiza mbabula, jiko lake la makala, akafunga mlango na dirisha, akajilaza tena. Jua lilipopanda, jirani yake Régina alimwita, kimya. Bulaimu akavunja mlango. Mama alikuwa amelegea, ametapika, na makala bado mekundu. Wakamtoa nje, wakampepea, hata akafumbua macho.

Watu wakamshukuru Mungu. Lakini baada ya majuma machache majina yakaanza kumtoka. Waliokuja kuuliza habari za koo wakaacha kuja. Hata Bulaimu, mama akamwita Faradji, jina la mumewe aliyekwisha kufa.

Bulaimu alitoboa ukuta chini ya bati, pande zote mbili. Kisha akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Unisamehe, mama. Uliniambia, nikakucheka."

Mama akamtazama kwa upole. "Nikusamehe nini, Faradji? Tuligombana lini? Lete makala, iko baridi."

Bulaimu akamwashia mbabula nje barazani, akamfunika blanketi, akaketi naye. Ndivyo walivyokaa kila kiangazi hadi mama alipofariki. Mara nyingine aliuliza habari za mtoto wao Bulaimu, mbona amekawia hivyo huko Kasongo.

"Atakuja," Bulaimu alimjibu.