Bi Mkubwa wa Mtaa Wetu

Nimerudi Ibra, mji wetu huku Omani, kwa matanga, na nakwambia kweli, nimechoka. Njia ya kutoka Maskati siku hizi ni nyepesi. Kinachochosha ni kukaa na wanawake wanaomlilia jirani yetu wa zamani bila hata mmoja kujua tulikuwa tukimwitaje.

Utotoni mwetu hayo yasingewezekana. Nyumbani kwa bibi yangu, aliyerudi kutoka Unguja na nazi zake na mbuzi yake ya kukunia, asubuhi ilinukia iliki na mkate wa kumimina. Alasiri sisi watoto tulichambua mchele sakafuni, maji ya falaji, mfereji wa mashamba, yakipita nyuma ya ukuta. Akiingia mwanamke mtu mzima, unanyanyuka, unatoa shikamoo, na shikamoo bila cheo chake haikuhesabika. Cheo cha juu kilikuwa Bi Mkubwa, nacho kilikuwa cha bibi, maana mtaa mzima hakuna aliyempita umri.

Jirani huyo tunayemlilia leo hakuzaa. Wenyeji wa Ibra humwita mwanamke kwa mwanawe wa kwanza, Umm fulani, na huyo fulani yeye hakuwa naye. Jumatano moja alirudi kutoka soko la wanawake na kapu tupu, akakaa kwenye kizingiti cha jiko letu.

"Mwenzangu, kila mtu Umm huyu, Umm yule. Mie naambiwa *ya hurma*, ewe mwanamke we! Soko lenyewe silitaki tena."

Bibi alikuwa akikuna nazi. Hakumpa pole. Alituita sote.

"Sikilizeni. Kuanzia leo Bi Mkubwa ni huyu. Mie niiteni bibi, yanitosha. Heshima si utumwa."

Jumatano iliyofuata alitupeleka sokoni, jirani mbele, sisi nyuma tukipaza sauti: "Bi Mkubwa, tazama udi huu! Bi Mkubwa, bizari hii!" Bibi, na mvi zake zote, alimpisha njia na kumwita vivyo hivyo. Wauzaji walipoona mkongwe anamnyenyekea, waliuliza maana yake, kisha nao wakaanza. Jirani alinunua hadi kapu likamshinda. Sikuwahi kumpenda bibi yangu kama siku ile.

Sasa bibi hayupo, na wale tuliokuwa tukipiga kelele sokoni tumetawanyika, huyu Sur, yule Nizwa. Watoto wao Kiswahili wanakisikia tu, kukisema hawawezi. Kila mwanamke kwao ni *khalti*, mama mdogo, na yamekwisha. Siwalaumu. Sina nguvu hizo.

Leo alasiri msichana mmoja alinijia na dele la kahawa, mpole, kalelewa vizuri. Alinimiminia, kisha akaniuliza kwa Kiarabu:

"Na wewe ni Umm nani?"

Mimi nami sikujaaliwa, rafiki yangu. Niliangaza macho chumba kizima nikimtafuta mtu wa kunijibia. Hakuwepo.

"Niite upendavyo, mwanangu," nikamwambia.