Nilimwambia Mkwe Wangu Avumilie, Kisa Mpunga

Kosa ni langu. Nianzie hapo, maana nimechoka kusikia watu wakisema ilikuwa mipango ya Mungu. Mipango gani? Ni mimi! Mungu msimsingizie.

Mimi ni mama mtu mzima, mzaliwa wa Mahenge niliyeolewa huku Ifakara. Kwenye jumuiya yetu mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha akina mama vijana habari za uvumilivu. Mume analewa? Vumilia. Unaumwa? Mtolee Yesu maumivu yako. Mdomo ulikuwa hauchoki. Mnafiki mkubwa!

Mwaka huo mpunga wetu kule Idete ulikuwa umebeba vizuri, na ndege walikuwa wengi ajabu. Anayelima bondeni anajua: ukiliacha shamba asubuhi moja tu, unakuta masuke matupu. Mwanangu alikuwa Malinyi kwenye kibarua, kwa hiyo tuliohamia shambani kuamia ndege ni mimi na mke wake. Nitamwita Sesilia, si jina lake. Alikuwa na mimba ya kwanza, kubwa tayari.

Siku moja alishindwa kupanda dungu, kile kichanja cha kulindia shamba. Akaniambia, "Mama, kichwa kinanipasuka. Na macho yanaona vitu vinametameta. Nesi alisema nikiona hivi nikimbilie hospitali."

Nikamtazama miguu. Ilikuwa imevimba, hata ndala hazimwingii. Niliona, jamani! Halafu nikafungua mdomo wangu mchafu: "Mwanangu, manesi wa siku hizi wanapenda kutisha watu. Sisi tulizalia hukuhuku shambani. Huu ni mwezi wa Mama Maria, sali rozari, vumilia. Tukishavuna nitakupeleka mwenyewe."

"Sawa, mama." Basi, hilo tu. Akapanda dungu, akashika kamba za makopo ya kutishia ndege, akawa anavuta huku analia. Mimi upande wa pili wa shamba nafukuza ndege, moyoni najisifu kwamba nimepata mkwe mcha Mungu.

Mchana makopo yakanyamaza. Unajua nilifanya nini? Nilimfokea kutoka kulekule kwamba ndege wanatumaliza! Nilipofika nikamkuta anatupa mikono na miguu, povu mdomoni. Kifafa cha mimba, walituambia baadaye. Majirani wa shambani walimbeba mpaka barabarani, tukapata gari hadi hospitali. Yeye alipona. Mtoto alitoka amekufa. Alikuwa wa kike.

Pole zenu sizitaki. Akina mama wa jumuiya walikuja nyumbani kwangu, Kibaoni hapa Ifakara, kuniambia nivumilie. Niliwafukuza! Walinikera kwa sababu yalikuwa maneno yangu mwenyewe, kwa sauti ileile ya upole wa bure.

Sesilia hakunitukana, na afadhali angenitukana. Siku anaondoka na mumewe aliniamkia kwanza, shikamoo mama, kisha akasema: "Mimi nilivumilia. Wewe ndiye uliyeshindwa. Hukuweza kuvumilia kupoteza mpunga."



Sasa wanaishi Malinyi. Nasikia wamepata mtoto mwingine, sijaonyeshwa hata picha. Mwanangu akipiga simu ananisalimia, anauliza afya, anakata. Ule mpunga tuliuvuna, lakini wali wake sikuula, nikaishia kuugawa.

Nyie mnaopenda kuwahubiria wenzenu uvumilivu, nawachukia kama ninavyojichukia, maana nawajua mlivyo. Uvumilivu wa Mkristo ni mzigo unaojitwisha mwenyewe. Ukimtwisha mwenzio ili mambo yako yasiharibike, huo ni ukatili, hata uupambe kwa rozari.

Mkwe wako akikwambia kichwa kinapasuka na miguu imevimba, funga mdomo wako. Tafuta usafiri, mwende. Kusali mtasali njiani.