Ufagio Mlangoni kwa Tyyne

Bi Tyyne Kumpula alisambaza barua kijijini kwetu miaka thelathini na mmoja, na hakuna nyumba ambayo hakuitukana. Mimi jirani yake nilipata fungu kubwa. Kilichomshinda ni kimoja tu, giza. Huku kaskazini mwa Ufini jua likituaga Novemba hatulioni tena hadi Januari, na kila mwaka miezi hiyo Tyyne hunyamaza. Aliwahi kuniambia, "Urho, siku nikiacha kukutukana, ujue nimezama. Uje."

Jumatatu, theluji ilipokoma, niliona ufagio umeegemezwa mlangoni kwake. Kwetu ufagio ukikaa hivyo, wenyewe hawapo, usipige hodi. Nikasema kaenda kwa bintiye mjini Oulu. Na nisidanganye, nilishusha pumzi. Kukaa na mtu asiyesema neno kunachosha.

Alhamisi saa sita mchana nilipita na tochi yangu, nikaona nyayo. Zilianzia penye ufagio, zikazunguka nyumba, zikaishia mlango wa nyuma. Hakuna hata unyayo mmoja uliokwenda barabarani. Bomba la jiko halikutoa moshi, na baridi ilikuwa nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.

Siku tatu nimeuheshimu ufagio, na mwenyewe yumo ndani.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. "Tyyne?" niliita. Jikoni maji ya ndoo yalikuwa yameganda. Niliogopa kile chumba cha kulala kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, hata nikasimama nikitafuta kisingizio cha kurudi kuita watu. Kisha nikaingia.

Alikuwa kitandani, amejifunika makoti yake yote, kaelekea ukutani.

"Tyyne, ni mimi. Sema kitu."

Nikamshika mkono, wa baridi, sikujua kama una uhai. Nikaanza kuropoka: nawasha jiko sasa hivi, nachemsha kahawa, daktari nimeshampigia. Uongo mtupu, simu niliiacha nyumbani.

"Basi nitukane," nikamwomba. "Hata kidogo tu, mama."

Nilisubiri, machozi yananitoka. Mwishowe, bila kugeuka, akasema kwa sauti iliyokauka, "Umeingia na viatu, mshenzi wewe."

Nikainama nivivue. Kamba zikakataa kufunguka.