Lewa Ayarudisha Magogo

Kwa miaka kumi na tisa Lewa alilipwa kutoa magogo katika kijito kinachoingia mto Sabaki. Mti ukiangukia maji, yeye na shoka lake. Ataukata, atauvuta, na kijito kibaki wazi. Watu walimsifu. Lakini msimu baada ya msimu maji yakazidi kasi, yakala kingo, na kiangazi hayakubaki hata ya kunawa uso.

Sasa, ana miaka sitini na mmoja, akaambiwa ayarudishe magogo.

"Shikamoo, mzee," alisema Ndinda, binti kutoka Kitui aliyesimamia kazi ya kukifufua kijito. "Tunayataka yale magogo majini. Yapunguze kasi, mchanga utulie, samaki wapate pa kujificha."

"Marahaba." Lewa hakubisha. Alikaa chini, akaomba maji ya kunywa.

Akayarudisha, moja moja, akiyafunga kwa kamba kwenye vigingi. Caroline, jirani mwenye bustani ya mchicha ukingoni, alimtazama kwa jicho baya.

"Kuni nzuri hizo unazitupa. Na bustani yangu ikifunikwa na maji?"

"Haitafunikwa," alisema Lewa, naye hana hakika.

Wiki ya tatu ya masika gogo moja likang'oka, likajipinda, likayasukuma maji moja kwa moja kwenye matuta ya mchicha. Asubuhi Caroline alifika mlangoni kwa Lewa, leso imejaa tope.

"Njoo uone ulichonifanyia!"

Lewa akaenda. Aliingia majini hadi kifuani, akalipitishia gogo kamba. Akateleza, akameza tope. Alipoinuka alimwona Caroline ameshika ncha ya kamba, amekita miguu, bado anamtukana. Wakavuta pamoja mpaka likarudi mahali pake. Lewa akaomba radhi. Caroline akageuka kwenda kuinua mchicha uliolala.

Kiangazi kijito kilikauka, ila nyuma ya gogo lile palibaki dimbwi, na ndani yake kambare wawili watatu. Caroline alichota humo kumwagilia mchicha mpya. Siku moja alifika kwa Mbeyu, mkewe Lewa, akamwekea fungu la mboga kizingitini, akaenda zake.

Jioni ile ile Ndinda alipita. "Mzee, yamebaki magogo kumi na moja ya kurudisha."

Lewa alikuwa amelala kifudifudi mkekani, Mbeyu akimkanda mgongo kwa mafuta ya nazi.

"Njoo Jumatatu, mwanangu," alisema. "Kesho hata kusimama sitaweza."